Karani Aliyekusanya Kadi Zetu

Tulimwita Karani, na sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake, hata mke wake. Ukipiga simu nyumbani kwao pale Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, mke wake alipokea na kusema, "Ngoja kidogo, Karani anaoga." Mchungaji alimwita Karani akiwa madhabahuni. Mimi nilimjua kwa miaka kumi na tano, tangu nikiwa mtoto katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania hadi nilipokuwa mwanamke mwenye kazi yake na funguo zake. Alitudanganya vibaya kuliko mtu mwingine yeyote niliyepata kumjua, na sijamsamehe. Lakini nikianzia hapo, msomaji atamwona tapeli tu, na matapeli mimi nawajua. Karani hakuwa mmoja wao. Afadhali nianze na kalamu zake.

Zilikuwa mbili, ya bluu na nyekundu, zote katika mfuko wa shati. Ya bluu ilikuwa ya kuandika walio hai, nyekundu ya kukata jina la mtu aliyefariki au aliyehama. Kambini ndiye aliyeshika orodha zote za zoni yetu: ya unga, ya maharagwe, ya sabuni, ya watoto wa chanjo. Hakutumia penseli maishani mwake. Alisema penseli ni ya watu wanaopanga kufuta. Mama mjamzito akipita mbele yake alimwuliza mwezi wa kujifungua, akaacha mstari mtupu chini ya majina ya nyumba ile, na watu walisema mtoto wa zoni yetu huzaliwa akiwa tayari na nafasi yake kwenye karatasi.

Mtu ambaye hajaishi kambini hawezi kujua orodha ni kitu gani. Sisi tulipokea neno moja tu, "Wanaandikisha," na watu wakatimua mbio. Huulizi wanaandikisha nini. Unaacha sufuria motoni, unakwenda kupanga mstari, na ukishaandikwa ndipo unamwuliza aliye mbele yako kama ni blanketi au ni sensa. Mama yangu aliwahi kukimbia na povu la sabuni kichwani. Walioanza kwa kuuliza maswali walibaki na maswali yao, na wakati wa mvua hawakuwa na turubai.

Tena kulikuwa na desturi ya kadi. Kila nyumba ilikuwa na kadi ya mgao, na shirika lilipobadilisha rangi ya kadi ulirudisha ya zamani kwenye dirisha la kwanza ukapokea mpya kwenye dirisha la pili. Hakuna aliyepewa mpya huku ameficha ya zamani. Aliyeficha alionekana mwizi wa chakula cha wenzake, na majirani hawakumsalimia. Tabia hizo mbili, kukimbilia orodha na kurudisha kadi ya zamani, tulizibeba hadi Amerika pamoja na zile bahasha za picha za eksirei za vifua vyetu, na hakuna afisa wa uwanja wa ndege aliyezikagua.

Nina deni la shukrani kwake, niliseme mapema lisije likanisonga baadaye. Siku waliposoma majina ya nyumba yetu kwa ajili ya usaili wa kwenda Marekani, langu halikuwamo. Mama alikaa chini pale pale vumbini. Karani alifunga daftari lake, akatembea hadi ofisi ya shirika, akakaa nje ya mlango siku tatu kwa sababu hawakutaka kumwona. Siku ya tatu jioni alikuja kwetu akiwa hana sauti kwa kiu, akaniambia mimi, si Mama, "Umeandikwa." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku hiyo Mama alikuwa na msemo wake: "Huyu mutu akiniambia jua ni mwezi, mie nitamuuliza tu litatoka saa ngapi."

Aliyebaki ni Bibi. Bibi, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Mama alishinda mashambani kwa Watanzania akilima kibarua. Wazee wengi pale kambini walikuwa na kadi zao peke yao ili wapate mgao wao peke yao, na Bibi naye alikuwa na yake. Ilikuwa akili nzuri kwa upande wa maharagwe. Kwa upande wa safari ilimaanisha yeye ni nyumba nyingine, na nyumba yake haikuitwa. Asubuhi ya kuondoka Mama alimwahidi kwamba atamwita. Tulipofika Louisville tuliambiwa njia iliyopo: mwenye grinikadi, ile kadi ya mkazi wa kudumu, hawezi kumleta mzazi wake, raia anaweza. Na raia unakuwa baada ya miaka mitano. Basi Mama akaanza kuhesabu majira ya baridi, na kila theluji ilipoyeyuka alimpigia Bibi simu kumwambia zimebaki ngapi.

Karani alikuwa ametutangulia kwa mwaka mmoja. Ni yeye aliyemfundisha Mama kupanda basi, kwa kupanda naye wiki nzima mpaka alipoacha kuogopa kamba ya kengele. Ni yeye aliyekwenda na wagonjwa hospitali, akakaa nao, akawatafsiria hata mambo ya aibu bila kukunja uso. Na kila tarehe mosi Januari alikuwa na kazi kubwa. Wengi wetu hatukujua tulizaliwa siku gani, kwa hiyo shirika lilituandikia sote siku hiyo moja. Karani alianza asubuhi na mapema kupiga simu nyumba hadi nyumba akitutakia heri ya kuzaliwa, kwa mpangilio wa alfabeti, na sauti yake ilikuwa nzito kama anasoma hati. Watoto walimcheka. Wakubwa walingoja simu ile, na aliyerukwa alilalamika mwezi mzima.

Sasa udhaifu wake. Karani hakuweza kuwa mtu tu. Kazi yake ilikuwa kiwanda cha maboksi, sehemu moja na mimi, na kule hakuwa karani wa kitu chochote. Alipanga maboksi juu ya mbao, na msimamizi wetu, kijana mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, alimwita kwa kupiga mluzi. Siku moja wakati wa mapumziko nilimwona akiandika. Alikuwa amechora mistari kwenye daftari, akaandika majina ya watu wote wa laini yetu, Wakongo, Warundi, Wakyuba na Wamarekani, kwa kalamu ya bluu. Hakuwa na nia yoyote, ni mkono tu ulikuwa umezoea. Msimamizi akalichukua daftari, akauliza anawaandika watu kwa ajili ya nani, akachana ukurasa ule akautupa kwenye pipa. Karani akasema "Samahani, bosi." Nilimwonea huruma, na ninaona hata leo kwamba kilichofuata kilianzia kwenye pipa lile.

Kilichofuata ni Taifa. Ilikuwa mwaka 2014, majira yetu ya tano ya baridi. Katika chumba cha chini cha kanisa letu alikuja Mmarekani mmoja mrefu, amevaa suti na shanga nyingi juu ya tai, akajitambulisha kuwa ni Mkuu wa Taifa la Watu wa Kwanza wa Mto. Karani alitafsiri. Taifa hilo, alisema, lilikuwapo kabla ya Marekani, halikuomba ruhusa kwa mtu, na lina haki ya kupokea wana wapya kutoka popote. Lina katiba, mahakama, wizara, kadi za uraia, vyeti vya kuzaliwa na namba za magari. Sisi tuliopoteza nchi tungepokelewa kama wana wa nyumbani. Tena bure.

Kwetu Kongo, mtu akikusimamisha njiani akauliza "Wewe kabila gani?" ulipima mbio zako kabla ya kujibu. Watu waliokaa kwenye vile viti vya plastiki walikuwa wamezika ndugu kwa sababu ya jibu la swali lile. Leo mtu anatugawia kabila kwa tabasamu, na hata chai ameleta. Mama yangu alilia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona mjanja, lakini nami nilisogeza kiti changu mbele.

Watu wengi wameniuliza Karani alikula pesa ngapi. Hakula hata senti. Ndiyo maana tulinasa. Mwizi wa pesa tungemjua kwa harufu, tumewaona wengi. Yeye alipewa cheo na muhuri. Akawa Waziri wa Uraia, na muhuri wenyewe ulikuwa wa mpira, wenye picha ya mto na nyota, ukitembea katika kimfuko ambacho mke wake alikishona kwa kitambaa cha kitenge. Aligonga kila kitu. Aligonga hata ratiba ya kwaya.

Serikali yetu ilikutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Mama, kwa kuwa alifanya kazi ya kutunza wazee, akawa Mjumbe wa Afya. Kazi yake ilikuwa kupima watu shinikizo la damu na kuwakemea juu ya chumvi, jambo alilokuwa akilifanya siku zote bila cheo. Mahakama ilisikiliza kesi moja ninayoikumbuka vizuri, ya wanawake wawili wa jengo moja, mmoja akimlalamikia mwenzake kwa harufu ya samaki wakavu. Karani aliwasikiliza saa mbili nzima. Mwishowe akaamua samaki wapikwe siku za Jumatano na Jumamosi, madirisha yakiwa wazi, na mlalamikaji apelekewe bakuli. Wale wawili hawajagombana tena. Nakiri kwamba serikali ile ya chini ya kanisa ilitusikiliza kuliko serikali yoyote tuliyopata kuishi chini yake.

Ilipopanda kutoka chini ya kanisa mambo yakawa mengine. Shemasi mmoja alifunga namba ya Taifa kwenye gari lake. Polisi walilivuta gari siku ya tatu, naye akaenda kazini kwa miguu hadi kiangazi. Karani alisema mataifa yote machanga hujaribiwa. Alisema maneno hayo amesimama wima, mikono nyuma, na sisi tukaitikia kwa vichwa.

Naja kwenye siku ya kadi. Ilikuwa Jumamosi, mvua ya barafu nje, watu wamejaa kuliko Krismasi kwa sababu neno lilikuwa limepita: Karani anaandikisha. Juu ya meza kulikuwa na sanduku la kadi mpya zenye picha zetu, zimefunikwa plastiki vizuri. Kando yake kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Karani akasimama na kusema kwa ile sauti ya kambini, "Kadi mpya haitoki bila ya zamani kurudi. Utaratibu mnaujua." Tuliujua. Mkono wa kila mtu ukaenda kwenye pochi kutafuta grinikadi. Yeye mwenyewe alianza: akatoa kadi katika mkoba wake, akaiinua juu tuione, akaitumbukiza kwenye bahasha.

Mimi niliuliza swali, na ninajisifu kwalo kwa sababu sina kingine cha kujisifia siku ile. "Karani, mbona kadi hii haina alama yoyote ya serikali ya Marekani?"

Akatabasamu. "Na ile ya Marekani ina alama ya Tanzania?"

Watu walicheka. Nami nikacheka, halafu nikatoa yangu. Mama alikuwa ametoa yake tayari, ameibusu kwanza.

Baada ya hapo Mama aliacha darasa la uraia alilokuwa akihudhuria maktabani. Karani alimwambia kwamba mwenye nyumba haombi mpangaji wake ruhusa ya kukaa. Kuhusu Bibi, alitoa fomu ya kuunganisha familia, ya Taifa lenyewe, akaandika jina la Bibi kwa kalamu ya bluu, polepole, akalisoma kwa sauti, akagonga muhuri. Mama alipiga simu Nyarugusu papo hapo. Nilimsikia Bibi akiuliza ni nani aliyeandika. "Karani mwenyewe," Mama akasema. "Bon," Bibi akajibu, "kama ni Karani, donc basi nitangoja."

Alingoja. Sisi tulihamia Columbus mwaka uliofuata, kwa sababu maghala ya kule yalikuwa yanalipa vizuri zaidi, na Karani naye alihama Louisville kwenda Buffalo. Alisema Taifa limemtuma kufungua jimbo. Tuliagana kwa maombi. Alituachia namba ya simu ambayo baada ya miezi miwili haikuita tena. Mama alisema Waziri ana mambo mengi.

Hilliard, pembeni mwa Columbus, kulikuwa na kanisa ambapo mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kimarekani, aliwafundisha wageni masomo ya uraia bila malipo. Mama hakwenda kusoma. Alikwenda kuuliza kwa nini kliniki ilikuwa imekataa kadi yake ya Taifa. Mimi nilitafsiri. Mwalimu aliigeuza kadi mbele na nyuma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwulize mama yako grinikadi yake iko wapi."

"Nilirudisha," Mama akasema.

"Aliirudisha wapi? Kwa nani?"

"Kwa Karani. Ni utaratibu."

Nilimtafsiria mwalimu neno utaratibu mara mbili, na mara zote mbili hakuelewa. Akatueleza kwa upole kwamba tungekuwa tumeshaomba uraia mwaka mzima uliopita. Kadi ile ya mto na nyota haikuwa na nguvu hata ya kuazimia kitabu. Ingetupasa tuombe grinikadi mpya, tungoje, halafu tuombe uraia, tungoje tena. Nilipomaliza kutafsiri, Mama aliniambia nimefasiri vibaya. Kwenye gari akasema huyu mama mweupe ana wivu. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, ile kadi ya Taifa mkononi, anasema, "Siye tunajua Karani. Hawezi. Labda naye balimudanganya." Nami nilitaka iwe hivyo. Kwa mwaka mzima na zaidi tulimtetea namna hiyo: na yeye alitoa yake, tulimwona kwa macho yetu, naye ameumia kama sisi.

Grinikadi mpya zikaja. Maombi ya uraia yakaenda. Wakati huo Bibi alichoka. Simu ya mwisho alituambia amengoja vya kutosha, macho yanakwisha, anataka kulala katika udongo anaoujua. Mama alimsihi. Alimwambia imebaki kidogo sana, safari hii ni kweli, na Bibi akamwuliza, kwa utulivu, ile ya kwanza ilikuwa nini. Akavuka ziwa na kikundi cha wazee kurudi Kongo. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha alipofariki. Habari tuliipata kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mchungaji wa kule, dakika moja na nusu, jogoo anawika nyuma yake.

Miezi mitatu baadaye Mama aliapa, pale Columbus, amevaa kitenge kipya. Nje ya ukumbi mtu wa kujitolea alikuwa akigawa karatasi za maelezo ya namna raia mpya anavyoweza kuwaita wazazi wake. Mama alipokea yake, akaikunja, akaiweka katika Biblia. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira.

Mwisho wa mwaka huo nilikwenda Buffalo kwa harusi ya binti wa shangazi yangu. Shangazi hufua mashuka hotelini pamoja na mama mmoja wa taifa la wenyeji wa kweli, watu waliokuwa pale tangu mababu, na jioni moja alimleta nyumbani kula ugali. Nilimsimulia mambo ya Louisville. Hakucheka. Alisema kwao mtu hujulikana kwa mama yake, na mama kwa mama yake, na bibi zake wangestaajabu kusikia kwamba kuna mahali uraia unatolewa kwenye sanduku. Kisha akaniuliza kama bibi yangu alikuwa bado hai, nikamjibu, naye akanishika mkono tukaendelea kula.

Siku ya pili Shangazi alinituma duka moja la Grant Street kununua sombe ya majani ya muhogo, mawese, na ndagala, yaani dagaa, za harusi. Dukani mlikuwa na watu wengi, sehemu moja vyakula, sehemu nyingine dirisha la kutuma pesa. Nikasikia sauti ikisoma, "Mawese, chupa mbili. Unga wa muhogo, mfuko mmoja." Sikuhitaji kugeuka. Nikageuka. Kalamu mbili, mfuko wa shati, mvi zimeongezeka.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba." Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, na hilo liliniudhi kuliko kama angekimbia. "Umekua. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ameapa. Ni raia."

"Vizuri. Vizuri sana." Akaifuta miwani kwa ncha ya tai.

Zamu yake ya dirishani ilifika. Mhudumu alimwomba kitambulisho, na Karani, bila kufikiri, mkono tu uliozoea, akatoa pasipoti ya bluu ya Marekani. Alipokumbuka kwamba nimesimama pale alikuwa ameshaiweka kwenye kaunta.

"Uliapa lini?" nikamwuliza.

"Zamani kidogo."

"Lini, Karani?"

"Kabla sijahama Louisville."

Nilipiga hesabu. Ilikuwa miezi ile ile ya mahakama ya samaki na ya fomu ya Bibi. "Huwezi kuapa bila grinikadi. Nilikuona ukiitia katika bahasha. Sote tulikuona."

Alinivuta kando, karibu na majokofu ya samaki. Alisema kwa sauti ya chini, lakini hakuinamisha kichwa. "Ile ilikuwa kadi ya maktaba."

Nilidhani nitapiga kelele. Badala yake niliuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Kwa nini?"

"Sikuwa na hakika na lile Taifa."

"Na sisi?"

"Ninyi mlikuwa na hakika."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia hata baadaye, alipokwisha kuapa, hata kwa simu, hata kwa barua isiyo na jina. Akanitazama kama ninauliza jambo lililo wazi. "Ningewaambia nini? Kwamba Karani amekosea?"

Nilikuwa nimebeba maneno kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa nimeyapanga garini, kazini, bafuni. Yalikuwa makali na ya haki, na ningeyasema yote mbele ya duka zima. Lakini kutoka kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "We papa, huyo mutoto ni wa nani?"

Alikuwa mzee sana, amevikwa koti kubwa la baridi na kofia ya sufi, miguu yake haifiki sakafuni. Nikamwendea, nikapiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni wa Nyarugusu, nikamtajia zoni yetu na jina la Bibi. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Kumbe wewe ni mujukuu wa yule wa karibu na bomba? Namujua sana. Tulikuwa tunapanga mustari ya mugao pamoja. Kila siku ananiambia, banangu bataniita. Nilimuacha angali kule. Ameshafika?"

"Hapana, mama. Alichoka kungoja, akavuka kurudi Kongo. Amefariki."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Alinipapasa mkono, halafu akaniuliza bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu. "Lakini mbona hamukumuleta? Haiko ngumu. Huyu mwana wangu alipokwisha kuapa alijaza makaratasi, mwaka haukuisha niko mu ndege. Hakubaambia?"

Karani alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wa unga wa muhogo. Niligeuka nikamtazama. Macho yake yaliniomba, na sijawahi kumwona akimwomba mtu kitu, hata zile siku tatu za nje ya mlango.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakutuambia."